Mama mdogo anapokea SSI, nimweke kwenye kodi yangu au nimwache? Yaliyonikuta hapa Louisville, Kentucky

Kila mwaka Januari ikielekea mwisho, W-2, zile karatasi za mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, zikianza kuingia kwenye masanduku ya barua, simu yangu inajaa voisi za watu wanauliza swali lile lile: ndugu ninayekaa naye anakula msaada wa serikali, nimweke kwenye kodi yangu kama mtegemezi? Na majibu yanayozunguka kanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp ni mawili, na yote mawili hayako sawa. La kwanza linasema kila anayelala kwako muweke tu, serikali haina muda wa kuja kuhesabu vitanda. La pili linasema mtu akishakula msaada, SSI (pesa ya mwezi ya wazee na walemavu wasio na kitu) au fudi stempu (msaada wa chakula), basi huyo ni wa serikali, ukimgusa kwenye kodi yako watamkatia kila kitu na wewe watakuita mwizi. Mi nimekaa na mama mdogo tangu ashuke kwenye ndege 2019, nimepita njia hii mwaka hadi mwaka, mwaka mmoja tulimweka kwa namna moja, mwaka mwingine kwa namna nyingine, na mwaka huu nimemwacha kwa kupenda mwenyewe, kwahiyo acha nieleze ilivyokwenda, anayetaka achukue.

Kwanza mjue ni nani. Ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja, wametoka Fizi, Kivu ya Kusini, wakavuka ziwa, wakakaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, miaka ambayo hata sitaki kuihesabu. Mama alifia kambini. Mama mdogo alikuja Marekani ameshafikisha miaka 65, hajawahi kushika kalamu, Kiingereza chake ni "thank you" na "Jesus". Kwa umri ule na bila kipato chochote alipata SSI, na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wasio na uwezo, na kadi ya fudi stempu. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi, napata kama dola 41,000 kwa mwaka kabla ya makato, sina mke wala mtoto bado (msianze).

Sa ile hoja ya "akila msaada haiwezekani". Inawezekana. Sheria ya IRS, ofisi ya kodi ya Marekani, haisemi popote kwamba anayepokea msaada hawezi kuwa mtegemezi wako. Inachouliza ni vitu vingine. Je ni ndugu yako wa aina wanayoikubali, au kama si ndugu, amekaa kwako mwaka mzima? Je ni raia au mkazi wa hapa? Je kipato chake kinachohesabika kiko chini ya kiwango cha mwaka huo? Na je, wewe ndo umelipa zaidi ya nusu ya matunzo yake yote? Hapo kwenye nusu ndipo SSI na fudi stempu zinapoingia, na ndipo watu wengi wanapoangukia, ila wanaangukia kwenye hesabu, hakuna katazo.

Hayo mengine niyapitie haraka. Undugu, shangazi, mjomba, mama mdogo, baba mdogo wa damu wanakubalika hata kama hamlali nyumba moja, lakini wawe ndugu wa mama au baba kweli kweli, maana sisi kila dada wa ukoo ni mama mdogo na IRS hawaendi na ukoo. Binamu hayumo kabisa kwenye orodha yao, huyo mpaka akae kwako Januari mpaka Desemba bila kuhama. Ukazi, hapa nawasikitikia ndugu zangu wanaotuma dola 300 kila mwezi kwa mama yao Nyarugusu au Bujumbura na wanadhani wanaweza kumweka, haiwezekani hata kama unamlisha peke yako asilimia mia. Mtegemezi lazima awe raia wa Marekani au mtu anayehesabika mkazi, au anaishi Canada au Mexico. Kasulu haimo.

Kipato sasa. Kwa mwaka 2024 kiwango kilikuwa lazima kiwe chini ya dola 5,050, kwa 2025 ni 5,200. Mtu anaangalia SSI ya mama yake anaona kwa mwaka ni elfu saba na kitu anakata tamaa hapo hapo. Usikate tamaa, SSI haikatwi kodi kwahiyo kwenye swali hili haihesabiwi kabisa, kipato cha mama mdogo kwa macho ya IRS ni sifuri. Ila subiri, maana pesa hiyo hiyo waliyoiruka kwenye kipato wanairudisha kwenye matunzo. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka, nikaona hawa watu wanajua kutega.

Mwaka 2023 mdogo wangu alikuwa anakaa na sisi. Pango tulikuwa tunagawana mimi na yeye, mama mdogo halipi. Sasa ukipiga hesabu ya matunzo yake, mimi nilikuwa na theluthi hivi, mdogo wangu theluthi hivi, serikali na yeye mwenyewe iliyobaki. Hakuna hata mmoja aliyefika nusu. Jamaa mmoja anayefaili watu kodi kwenye chumba cha nyuma ya duka alituambia tieni tu, nani atajua, nipe 350. Tukaondoka. Tukaenda pale maktaba kwenye wale watu wa kujitolea wa VITA, ni mpango wa IRS wenyewe, wanafaili bure kwa watu wa kipato chetu, na wanapitia mafunzo na mtihani kabla hawajakaa kwenye meza. Wakatuonyesha kwamba kuna fomu inaitwa 2120, ni makubaliano ya ndugu: kama nyie kwa pamoja mmezidi nusu, na kila anayetaka kumdai, yaani kumweka kwenye kodi yake, kazidi asilimia 10, basi mnakubaliana mmoja amdai na mwingine anasaini kwamba mwaka huu anaacha. Tukakubaliana nimdai mimi, mwakani yeye. Nikapata punguzo la dola 500. Lakini kwa njia hiyo hupati ile hadhi ya mkuu wa kaya (head of household), na hiyo ndo yenye nyama, ntaisema sasa hivi.

Mwakani haukufika kama tulivyopanga maana bwana mdogo alioa akahamia Ohio. 2024 yote nikabaki mimi na mama mdogo, nyumba ya vyumba viwili, pango 1,200 kwa mwezi nalipa mimi.

Sa tukae kwenye hesabu yenyewe, na msinikimbie, maana hapa ndo kila kitu. IRS wana kitabu chao namba 501, bure kwenye tovuti yao, ndani kuna karatasi ya kujumlisha matunzo. Wazo lake ni rahisi. Unahesabu mtu huyu kwa mwaka mzima ametumika shilingi ngapi, yaani kulala, kula, kuvaa, dawa za kulipa mfukoni, nauli, simu, safari. Hiyo ndo jumla. Halafu unauliza kila dola ya hapo ilitoka kwa nani. Ilitoka kwako, kwake mwenyewe, au kwa serikali. Ya kwako ikizidi nusu, umepita.

Ya mama mdogo 2024 ilikuwa hivi. Pango nusu yake kwa mwaka ni 7,200, maana tuko wawili. Umeme, gesi na maji nusu yake ni 1,080, hiyo alikuwa analipa mwenyewe kutoka SSI, alikataa kata kata nisimlipie umeme eti yeye ndo anashinda nyumbani na hita. Chakula chake 2,640, hapo fudi stempu ni kama 160 kwa mwezi ambayo inakuwa 1,920, na 720 anaongeza mwenyewe. Vitenge, simu, nauli, mafuta ya nywele na vile vitu vyake vidogo vidogo, 2,160, hela yake. Na tiketi ya ndege kwenda msibani Des Moines 480, hiyo nilinunua mimi. Jumla 13,560. Nusu yake 6,780.

Ya kwangu ni pango na tiketi, 7,680. Nimepita. Ila angalia nilivyopita.

SSI yake mwaka ule ilikuwa kama dola 628 kwa mwezi, kwa mwaka 7,544. Ningeiweka yote kwenye matunzo yake, ukiongeza na fudi stempu inakuwa 9,464, na mimi na 7,680 yangu ningeanguka. Kilichoniokoa ni kwamba hakuila yote. Kila mwezi alikuwa anatuma 250 kwa binti yake na wajukuu waliobaki Nyarugusu, 3,000 kwa mwaka, na 584 ilibaki benki. Pesa iliyotumwa Kasulu haikumlisha yeye, iliyolala benki haikumlisha yeye, kwahiyo haiingii kwenye matunzo yake. Kitabu chao kinakubali hilo, kwamba msaada usihesabiwe wote kuwa umetumika kwa mtu kama unaweza kuonyesha sehemu yake haikutumika hivyo. Neno ni kuonyesha. Mama mdogo anatunza risiti za kutuma pesa kwenye kopo la maziwa la zamani, si kwa ajili ya IRS wala nini, ni kwa sababu binti yake aliwahi kumwambia hela ya mwezi fulani haikufika na yeye akataka ushahidi. Ukali wake na mwanawe ndo ulinipa kodi yangu.

(Na ile ya benki msiikuze sana. Mtu wa SSI akipitisha dola 2,000 kwenye akaunti yake wanamkata, kwahiyo usije ukasema umemwekea mama akiba ili hesabu yako ya kodi ikae vizuri.)

Sa faida yake. Kwanza zile 500 za mtegemezi wa aina hii. Pili, kwa kuwa ni mama mdogo wa damu, kakaa kwangu zaidi ya nusu mwaka, na mimi ndo nalipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, nikafaili kama mkuu wa kaya badala ya mtu mmoja. Kwa 2024 mtu mmoja anaondolewa dola 14,600 kabla ya kukatwa, mkuu wa kaya anaondolewa 21,900. Kwa mshahara wangu, kodi ya serikali kuu ingekuwa 2,936, ikawa 1,461. Yaani 1,475 imerudi kwangu. Si pesa ya kuchezea, ni pango la mwezi na zaidi.

Na ile hofu ya Medicaid, wengi wananiuliza. Kwa mama mdogo haikuguswa. Anayepokea SSI hapa kwetu Kentucky Medicaid yake inafuata SSI, haiangalii nani kamweka kwenye kodi. Hata kwa ile Medicaid nyingine inayopimwa kwa kaya ya kodi, mtu akidaiwa na ndugu ambaye si mzazi wake wala mume au mke, kipato chako hakimiminwi juu yake. Fudi stempu nao hawaulizi habari za kodi, wanauliza mnanunua na kupika pamoja? Sisi kweli hatupiki pamoja. Mi narudi saa moja asubuhi nakuta mama ameshakula bugali na ndagala, nalala, nikiamka nakula vyangu, kadi yake ni yake. Lakini kama mnakula sufuria moja, mnahesabiwa kaya moja na mshahara wako unaingia, hiyo iseme ukweli hata kama inauma.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna aliyeniambia, nilikipata kwa bahati tu.

Yule mama wa VITA, mzee mstaafu, alikuwa anapitia ile barua ya SSI ya mama mdogo akasimama. Akauliza mbona ni 628, mwaka 2024 kiwango kamili cha mtu mmoja ni 943? Nikamwambia ndivyo inavyokuja miaka yote. Akasema mimi si mtu wa SSI, lakini hii ni theluthi moja kamili imekatwa, kaulize. Nikaenda kwa wanasheria wa msaada wa bure. Kumbe sheria ya SSI inasema hivi: mzee akikaa kwa mtu bila kulipa sehemu yake ya nyumba, wanahesabu kwamba anapewa kitu, na wanaweza kupunguza mpaka theluthi. Wakati anakuja 2019 tuliulizwa nani analipa pango, tukajibu kwa ukweli kwamba mimi, na kweli ilikuwa mimi, ndo wakakata. Zamani walikuwa wanahesabu na chakula unachompa, tangu tarehe 30 Septemba 2024 chakula wamekitoa, wanaangalia makazi tu. Na kama mzee analipa sehemu yake sawasawa, yaani kwetu tuko wawili basi nusu ya pango na nusu ya bili, hawakati kitu.

Hapo ndo nikakaa kwenye gari nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu upya. Kwa 2025 SSI kamili ilikuwa 967. Theluthi yake ni 322 na senti. Mara 12 ni dola 3,868 tulikuwa tunaziacha kwa mwaka. Na mimi nashangilia 1,475.

Ila huwezi kupata zote mbili. Kuna jamaa kibao wanajaribu, kwa Social Security, ofisi inayotoa SSI, wanasema mama analipa nusu ya pango, apewe kamili, halafu kwa IRS wanasema mimi ndo namtunza zaidi ya nusu, na mama hajawahi kutoa hata senti. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa hiyo moja inaponyoka na kurudi na barua ya kudaiwa, maana SSI wakigundua wanadai pesa walizozidisha za nyuma. Mama akilipa kweli nusu ya nyumba kutoka SSI, basi sehemu kubwa ya SSI inakuwa imemtunza yeye na wewe hufiki nusu, humweki kwenye kodi. Asipolipa, unamdai, na wao wanakata. Nyumba ni moja, ofisi ni mbili, majibu lazima yafanane.

Nikarudi nikamweleza. Nilidhani atakataa, maana 690 kwa mwezi ni nyingi kwa mtu aliyezoea kulipa 90. Nikamwambia shikamoo mama, kuna habari ya pesa. Nikamchorea. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, yaani miaka yote hii nimekaa humu kama mgeni na wewe hukuniambia naweza kulipa?" Nikaanza kujitetea kwamba sikujua, hakunisikiliza, alikuwa ameshaanza kuuliza kama akilipa nusu basi na ile sofa aihamishe anapotaka yeye. Imehamishwa. Sa hivi imeziba hita, na siwezi kusema kitu kwa mpangaji mwenzangu.

Tulitoa taarifa Social Security ndani ya muda, mabadiliko ya makazi unatakiwa uripoti kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na tulipeleka mkataba wa pango, bili, na karatasi ya mimi kukiri anachonilipa. Na hela inatoka kweli, kila tarehe mbili inahama kutoka akaunti yake kuja kwangu, na kumbukumbu ya benki ipo. Si ile ya kutoa mkono huu na kurudisha mkono huu.

Mtauliza sasa anabaki na nini, kwa kiwango cha 2025. 967 toa 690, toa 60 ya kuongezea chakula, inabaki 217, anatuma 200 Kasulu badala ya 250, na binti yake alinuna kidogo. Simu yake, nauli na vitenge nalipa mimi, na nalipa moja kwa moja dukani au kampuni ya simu. Hapo kuwa makini: ukimpa mzee wa SSI keshi mkononi inahesabika ni kipato chake na wanapunguza, ukimlipia bili ya simu haihesabiki. Wala usimlipie umeme ukidhani ni sawa na simu, umeme ni makazi.

Kwahiyo kodi ya 2025 niliyofaili juzi, mama mdogo hayumo. Nimefaili kama mtu mmoja. Refandi, yaani kodi ninayorudishiwa, imekuwa ndogo na yule jamaa wa chumba cha nyuma akisikia atanicheka, lakini kwa mwaka mzima nyumba yetu inaingiza zaidi ya dola 2,000 kuliko ningemng'ang'ania. Watu wa kwetu tunaangalia refandi kwa sababu inakuja mara moja kwa fungu na unaiona, ile ya 322 kila mwezi inaingia kimya kimya hakuna anayeipigia picha.

Lakini msichukue yangu mkaibandika kwenu. Inategemea ni nani na anapokea nini. Kuna dada mmoja tunasali naye, analea mtoto wa dada yake wa miaka 16 anayekula fudi stempu na Medicaid, watu walishamtisha asimweke. Huyo kipimo chake ni kingine kabisa, ni cha mtoto. Kwa mtoto hawaulizi kama wewe umetoa zaidi ya nusu, wanauliza kama mtoto mwenyewe amejitunza zaidi ya nusu, na fudi stempu za serikali si mtoto kujitunza. Anakaa naye zaidi ya nusu mwaka, yuko chini ya miaka 19, basi, na kwa mtoto yuko na faida kubwa zaidi kuliko hizi 500 za mzee. Alikuwa anaziacha kwa uoga. Na kuna mwingine mama yake mzazi anakaa kwenye nyumba za wazee zenye ruzuku ya serikali, kwa mzazi hata msipokaa pamoja unaweza kuwa mkuu wa kaya kama unalipa zaidi ya nusu ya gharama za kwake, lakini ile ruzuku ya nyumba inahesabika ni serikali imetoa, na ukishaiweka kwenye karatasi huyo jamaa hakufika hata karibu. Nilimpa pole tukanywa chai.

Anayelipa mtu amfailie, aangalie jambo moja: akikuweka mkuu wa kaya au mtegemezi anatakiwa akuulize maswali na ajaze fomu 8867 kwamba amekuuliza, na asaini kwa namba yake ya kufailia watu (PTIN). Asiyekuuliza chochote, akaandika tu, karatasi ikirudi itarudi kwenye mlango wako. Na tunza vitu, mkataba wa pango, barua za ofisi zenye jina la mzee na anwani yako, taarifa za benki, risiti za kutuma pesa. IRS wakiandika wanataka hivyo, hawataki hadithi ya Fizi.

Kilichobaki kwetu sasa ni kikubwa kuliko kodi. Mkimbizi anapewa SSI kwa miaka saba tu tangu alipoingia, baada ya hapo kama hajawa raia inakatika, grinikadi peke yake haimsaidii mtu kama mama mdogo ambaye hajafanya kazi hapa. Miaka saba yake inaisha Agosti mwaka huu wa 2026. (Fudi stempu yake imesalimika, sheria ya Julai 2025 imewatoa wakimbizi wasio na grinikadi, yeye anayo.) Uraia unataka Kiingereza na mtihani wa historia, na ubongo wa miaka 72 usiojua kusoma hauingizi hayo, daktari wake amemjazia fomu N-648 ya kuomba asamehewe kwa sababu ya afya, na ada ya maombi tuliomba isamehewe kwa I-912 maana anapokea SSI, ikakubaliwa. Alama za vidole ameshatoa. Tunangoja barua ya intavyuu.

Asipokuwa raia muda huo ukiisha Agosti, SSI inasimama, 690 inasimama, nalipa nyumba yote peke yangu tena na kwa sehemu iliyobaki ya mwaka kila kitu chake ni mimi. Nimemwambia mama, mwaka huo ukiwa hivyo huenda nikakurudisha kwenye kodi, ila mpaka tujumlishe ile miezi uliyolipa mwenyewe. Akasema nijumlishe vizuri, na sofa haitoki.